Mombasa Tumehesabu Maji, Tukasahau Vali

Kila maji yakikatika Mji wa Kale, maneno huwa ni yaleyale. Maji hayatoshi. Bomba la Mzima limechoka. Wakubwa wamelala. Sipingi hata moja kati ya hayo. Lakini kuna neno moja halitajwi barazani, halitajwi redioni, wala halitajwi kwenye mikutano ya siasa: vali. Koki. Kile kipande cha chuma ama shaba kinachoamua maji yapite mangapi, yapite kwa nguvu gani, na bomba likizidiwa lipumulie wapi.

Najua kuna mtu anasema, "Wee, hiyo kazi ya mafundi, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Sisi watu wa Mvita tumezoea kusimulia historia yetu kwa mizinga ya Fort Jesus na majahazi ya Bandari ya Kale. Sawa, ni tamu. Ila mji hauishi kwa mizinga. Kila zama mpya iliyoingia kisiwani hapa, kwanza mvuke, kisha maji ya mfereji, kisha mafuta, iliingia na vali zake. Na kila mara swali lilikuwa moja: vali hii imepimwa kwa siku gani? Siku ya kawaida, ama siku mbaya? Na mambo yakibadilika, nani atairudia ile hesabu?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane: sehemu kubwa ya mateso ya maji mjini kwetu ni hesabu iliyofanywa zamani, kwa mji mwingine kabisa, na haikurudiwa. Twende taratibu.

Zama za kisima, hakuna presha

Kwa mamia ya miaka Mombasa haikuhitaji vali. Maji yalikuwa ya kisima na ya mvua. Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwaka 1570, una kisima chake ng'ambo ya njia. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ina kisima na ina birika la kukusanyia mvua. Maji ya kile kisima yana chumvi, kwa hivyo birika halikuwa pambo, lilikuwa uhai.

Angalia ile teknolojia ilivyo. Maji yamekaa chini yametulia. Mwenye nguvu ni mkono wako na kamba yako. Kisima kikikauka, kimekauka basi. Hakilipuki, hakipasui ukuta wa jirani. Yaani hatari yake ilikuwa ni ukame na maradhi, haikuwa presha. Presha ni mgeni. Zanzibar walianza kukutana naye mapema kidogo, pale Sultan Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alipovuta maji ya bomba mpaka Mji Mkongwe. Kwetu, yule mgeni alishuka kwa kishindo mwaka 1896.

Presha inashuka bandarini

Mwaka 1896 ndipo reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, na 1901 ikafika Kisumu. Kila mtu huisimulia reli kwa simba wa Tsavo na kwa mafundi na vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi. Mimi naomba tuitazame ile injini yenyewe. Ni nini? Ni boila. Ni birika la maji lililofungwa pande zote, likawashiwa moto chini, likawekwa juu ya magurudumu.

Maji yakigeuka mvuke kwa hewa ya kawaida hutanuka zaidi ya mara 1,600. Sasa mfungie huyo kwenye chuma asitoke. Ndiyo hapo ukapata nguvu ya kuvuta mabehewa kutoka usawa wa bahari mpaka nyanda za juu, na ndiyo hapohapo ukapata bomu.

Dawa yake ilikuwa imeshagunduliwa zamani, na iko jikoni kwenu. Mwishoni mwa karne ya 17, Mfaransa Denis Papin alitengeneza chungu cha kupikia kwa mvuke uliofungwa, na ili kisimpasukie akaweka tundu mfunikoni, juu ya tundu akaweka kizibo kilichokandamizwa na uzito. Mvuke ukizidi nguvu, unainua ule uzito, unatoka, presha inashuka, uzito unarudi. Presha kuka ya mama ya kuchemshia maharagwe hufanya hivyohivyo. Kile kichuma kinachochezacheza juu na kupiga mluzi ni mjukuu wa vali ya Papin.

Uzuri wake ni kwamba haimwombi mtu ruhusa. Haingoji fundi aamke. Na ubaya wake ukaja palepale: binadamu hapendi kupangiwa. Karne ya 19 kule Uingereza na Marekani, madereva na waendesha mitambo waliotaka nguvu zaidi walikuwa wakiikaza vali, wakiifunga, wakiiongezea uzito. Mwendo unaongezeka, mpaka siku boila inapasuka na kuua watu. Katika miaka ya 1850 mhandisi wa reli wa Uingereza, John Ramsbottom, akabuni vali pacha zilizobanwa na springi moja katikati, zikapangwa kwa namna ambayo dereva akijaribu kukandamiza upande mmoja, anaachilia wa pili. Kwa hivyo kuchagua vali si kuangalia chuma na springi tu. Ni kumjua pia mtu atakayeishi nayo, na tabia zake.

Kuna funzo la pili la mvuke, na hili ndilo nitalibeba mpaka mwisho. Vali ya usalama ya boila haipimwi kwa ukubwa wa bomba. Inapimwa kwa swali hili: ikitokea siku mbaya kuliko zote, ni mvuke mwingi kiasi gani unatakiwa utoke, na kwa haraka gani?

Chukua zile injini kubwa za Garratt za darasa la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester katika miaka ya 1950, injini 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zikafanya kazi njia ya Mombasa na Nairobi. Boila yake ilifanya kazi kwa presha ya ratili 225 kwa inchi mraba, yaani kama mara 15 ya mgandamizo wa hewa tunayopumua. Sasa fikiria inapanda kutoka pwani, moto umekolea, mvuke wote unaliwa na mabehewa. Ghafla taa nyekundu. Dereva anafunga mvuke, treni inasimama. Moto lakini haujui kuna taa nyekundu. Unaendelea kuchemsha vilevile. Mvuke wote uliokuwa unavuta tani na tani sasa hauna pa kwenda ila kwenye vali ya usalama. Hiyo ndiyo siku ya kupimia.

Vali ikiwa ndogo, itafunguka vizuri tu, itapiga kelele, watu watadhani iko kazini, na huku presha inazidi kupanda. Ikiwa kubwa kupita kiasi, nayo ni balaa: inafunguka, presha inaanguka mara moja, inajifunga, presha inarudi, inafunguka tena. Inapigapiga hivyo mpaka kitako chake kinaharibika na haizibi tena. Watu wengi hudhani kitu cha usalama kikiwa kikubwa ndiyo bora. Kwenye vali sivyo. Inatakiwa iwe sawa na kazi yake.

Wakoloni hawakutuonea huruma kwa mambo mengi, lakini boila waliiogopa. Mpaka leo sheria ya Kenya ya usalama kazini ya mwaka 2007 inadai boila ya mvuke iwe na vali ya usalama inayofaa, na ikaguliwe. Kwa nini? Kwa sababu boila ikipasuka, inaua mbele ya macho ya watu. Bomba la maji likichoka linaua polepole, kwa kipindupindu na kwa gharama, na halina mshindo wa kuandikiwa sheria.

Mzima: mto uliofungwa ndani ya bomba

Tuje kwenye maji sasa. Wakati wa Waingereza Mombasa ilianza kuletewa maji ya chemchemi za Marere, huko Shimba Hills, Kwale. Mji ukakua, yakawa hayatoshi. Ndipo likaja lile bomba kubwa kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, likafunguliwa 1957. Urefu wake ni kama kilomita 220. Na maji hayasukumwi na mashine. Yanashuka yenyewe, kwa sababu Mzima iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari.

Hapo watu husema "ni rahisi basi, maji yanateremka bure." Hebu ngoja. Kila mita 10 za kina cha maji huleta presha ya baa moja, ambayo ni kama uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa mita 600, ukifunga koki huku chini na bomba likawa moja lililoungana mpaka juu, chini kuna baa 60. Kumbuka ile Garratt ilikuwa na kama 15. Maji baridi, matulivu, yasiyo na moto wala moshi, yanaweza kukaa na presha mara nne ya injini ya reli!

Kwa sababu hiyo, bomba lolote la kuteremka namna hii ni lazima liwe na ukoo mzima wa vali na mapumziko. Kuna matangi ya kuvunjia presha, ambapo maji yanamwagika hewani na kuanza safari upya kutoka sifuri. Kwenye vilele kuna vali za hewa, kwa sababu hewa hujikusanya pale juu ikaziba njia kama kizibo. Mabondeni kuna vali za kuoshea mchanga na matope. Njiani kuna koki za kufungia kipande kimoja ili kitengenezwe bila ya kumwaga bomba zima. Na karibu na watu kuna vali za kupunguzia presha, ili nyumba ya chini isipasukiwe na ya juu isikose.

Kila moja ina kipimo chake, na kipimo si "bomba ni la inchi sita, nipe vali ya inchi sita." Hii ndiyo tabia ya dukani, na inaua mifumo. Vali ya kupunguzia presha ikichaguliwa kwa ukubwa wa bomba, mara nyingi inakuwa kubwa mno kwa maji yanayopita. Matokeo yake inafanya kazi ikiwa imefungwa karibu yote, imefunguka ufa tu. Maji yanapita kwenye ule ufa kwa kasi kali, yanatafuna chuma, vali inatetemeka, na baada ya muda mfupi haishiki tena. Ndiyo maana mhandisi mwangalifu mara nyingi huweka vali ndogo kuliko bomba lake. Anaanza na maji: saa ya matumizi makubwa yanapita mangapi, saa tisa usiku yanapita mangapi, presha ya kuingia ni ipi, ya kutoka iwe ipi. Na hapo kuna kanuni moja ya kukariri: kwenye tundu lilelile, ukitaka maji mara mbili, presha ya kusukuma inabidi iwe mara nne. Tundu halikubembelezi.

Halafu kuna lile jambo ambalo Mrusi Nikolai Zhukovsky alilifanyia majaribio kwenye mabomba ya maji ya mji wa Moscow na kulichapisha mwaka 1898. Mabomba yalikuwa yakipasuka na watu hawaelewi. Akaonyesha kwamba maji yaliyo mwendoni ni kama treni: ukiyasimamisha ghafla, mabehewa ya nyuma yanawagonga wa mbele. Kwenye bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, huzaa presha ya ziada ya karibu baa 10. Na neno "ghafla" lenyewe lina hesabu. Lile wimbi hukimbia kama mita 1,000 kwa sekunde. Kwenye kipande cha bomba cha kilomita 10, linakwenda na kurudi kwa sekunde 20. Ukifunga koki chini ya sekunde 20, umefunga ghafla, hata kama mkononi mwako uliona ni pole pole.

Kwa hivyo yule mzee wa koki wa zamani aliyekuwa akizungusha gurudumu taratibu kama mtu anayehesabu tasbihi hakuwa mvivu. Alikuwa analinda bomba.

Hesabu iliyobaki 1957

Sasa naomba uniazime akili yako dakika mbili. Uwezo wa bomba la Mzima hutajwa kuwa kama mita za ujazo 35,000 kwa siku, yaani lita milioni 35. Sensa ya 1962 iliikuta Mombasa na watu karibu 180,000. Gawanya: kama lita 194 kwa kila mtu. Hata ukitoa sehemu ya Voi, Mariakani, meli na hoteli, mji ulikuwa na maji. Mabomba yalikaa yamejaa usiku na mchana.

Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ya Mombasa na watu 1,208,333. Gawanya zile lita milioni 35 tena. Lita 29. Huo ni mtungi mmoja na nusu kwa kila mtu, kuoga, kupika, kutawadha, kufua, vyote. Ni kweli visima vya Baricho kule Mto Sabaki vimeongezewa baadaye, na Marere bado iko. Lakini unaona mwelekeo.

Wengi wetu tunaishia hapo: watu wengi, maji machache, mjadala umefungwa. Mimi nasema hapo ndipo mjadala unapoanza. Maji yakipungua, mji ulifanya nini? Ukaanza kugawa kwa zamu. Leo Kibokoni, kesho Kuze, keshokutwa Majengo. Na siku ulipoanza zamu, ulibadilisha kazi ya kila vali mjini bila ya kubadilisha vali hata moja.

Koki ya kufungia iliyowekwa ili ifungwe mara chache, siku ya matengenezo tu, sasa inafungwa na kufunguliwa kila wiki. Haikutengenezwa kwa hilo. Inalegea, inavuja, haizibi, mwishowe inaachwa nusu wazi kwa sababu fundi anaogopa akiizungusha itakatika.

Bomba lililokuwa limejaa daima sasa linakauka. Likikauka limejaa hewa. Siku ya zamu maji yanarudi kwa kasi yakiisukuma hewa mbele yake. Wahandisi hushauri bomba tupu lijazwe polepole, maji yatembee kama sentimita 30 kwa sekunde, ili hewa ipate kutoka. Lakini mtaa mzima unasubiri, simu zinapigwa, koki inafunguliwa kwa mara moja. Hewa inatoka kwa kishindo, maji yanagonga mwisho wa bomba, na lile pigo la Zhukovsky linapasua maungio ya zamani. Ndiyo maana mabomba hupasuka siku maji yanaporudi. Si uchawi.

Na maji yakiondoka? Bomba linalomwagika linahitaji kuvuta hewa mahali. Vali ya hewa ikiwa haipo, imeziba, ama imevunjwa, bomba linavuta kupitia kila ufa lililonao. Chini ya Mji wa Kale, ambako bomba la maji na mashimo ya choo yamepakana kama chanda na pete, fikiria mwenyewe linavuta nini. Ongeza mashine ndogo za kuvutia maji ambazo nyumba nyingi zimeunganisha moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Kila nyumba inanyonya. Hakuna koki ya kuzuia maji yasirudi nyuma, ile mafundi wanayoiita nonritani. Halafu maji ya kwanza yakija ya kahawia yenye harufu, tunalaumu Mzima, ambayo chemchemi yake ni safi mpaka samaki na viboko huonekana ndani ya maji.

Hata juu ya paa lako

Kama bado unadhani haya ni ya wahandisi tu, panda juu ya tangi lako utazame floti. Ile koki yenye mpira unaoelea. Zipo za presha kubwa na za presha ndogo, na tofauti yake ni tundu la ndani: ya presha kubwa lina kama milimita 3, ya presha ndogo kama 6. Ukiweka ya presha kubwa mahali maji yanakuja kwa unyonge, tangi halijai hata ukingoja mpaka alfajiri, na zamu imeisha. Ukiweka ya presha ndogo mahali ambapo usiku presha hupanda, ule mpira hauna nguvu ya kuziba. Maji yanafurika, yanateremka ukutani, yanaingia kwenye boriti na chokaa, yanaozesha roshani ya miaka mia. Dukani zinafanana sura na muuzaji hakuulizi. Atakuuliza tu, "Ya nusu inchi ama ya robo tatu?"

Fort Jesus iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, na kote Mji wa Kale tunapigania milango ya nakshi na roshani zisibomolewe. Napenda hilo. Lakini nyumba ya matumbawe na boriti inaliwa na maji yaliyokosewa kipimo kuliko inavyoliwa na mvua.

Kinachotoka, kinakwenda wapi?

Kuna swali moja zaidi ambalo mafuta yalitufundisha kwa uchungu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi 1963 na kikaacha kusafisha 2013. Bomba la mafuta la Mombasa mpaka Nairobi lilianza 1978. Angalia kinaya chake: bomba moja linateremsha maji kutoka bara kuja kwetu bila ya mashine, jingine linapandisha mafuta kutoka kwetu kwenda bara kwa mashine.

Kwenye mafuta, kupima vali ya usalama ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuuliza: ikifunguka, kile kinachotoka kinakwenda wapi? Mvuke wa injini ulikwenda hewani, hauna neno. Gesi ya kiwandani hupelekwa kwenye mnara mrefu ikachomwe juu, mbali na watu. Tarehe 12 Septemba 2011 Nairobi ilionyeshwa upande wa pili. Petroli ilivuja kwenye mitambo ya bomba kule Industrial Area, ikaingia mtaroni, ikafuata mtaro mpaka mtaa wa Sinai. Watu wakachota. Moto ukalipuka, na karibu watu 100 wakafa. Presha na mafuta vilipotoka kwenye chuma, havikupotea. Vilifuata njia iliyokuwepo, na mwisho wa njia hiyo kulikuwa na nyumba za watu.

Maji nayo ni hivyo. Kule Taita Taveta, ambako bomba la Mzima linapita, wakaazi na viongozi wao wamedai kwa miaka wapate sehemu yao, maana maji yanatoka kwao yanapita mbele ya nyumba zenye kiu. Mtu mwenye kiu anayeona vali ya hewa imechomoza ardhini hataiona kama kifaa cha usalama. Ataiona kama mfereji. Akiivunja, Mombasa inakosa. Hapa ndipo namrudia Ramsbottom: ukichagua vali mjue na binadamu aliye karibu nayo. Mpe kituo chake cha kuchotea, hataigusa yako.

"Lakini maji ni machache tu, basi"

Najua hoja mtakayoleta. Hata vali zote zingekuwa za dhahabu, haziongezi tone. Kweli kabisa. Mombasa inahitaji maji mapya. Bwawa la Mwache linajengwa kule Kwale, na bomba la pili la Mzima limeahidiwa miaka na miaka. Naomba yafike yote.

Ila sikiliza hofu yangu. Siku maji hayo yatakapofika, yatafika na presha. Yataingia kwenye mabomba yaliyozoea kukaa matupu, kwenye koki zilizoachwa nusu wazi, kwenye mitaa isiyo na vali ya kupunguzia presha inayofanya kazi, kwenye floti za tundu kubwa, kwenye nyumba zisizo na nonritani. Tutakata utepe asubuhi, na jioni mabomba yatapasuka Ndia Kuu mpaka Bondeni. Halafu tutasema mradi ulikuwa mbovu, kumbe tuliuleta wageni ndani ya nyumba isiyo na milango.

Kwa hivyo ninachotaka kwenye mipango ya maji ya kaunti hii si "lita milioni ngapi" peke yake. Nataka orodha. Kila vali kisiwani: iko wapi, ya aina gani, ukubwa gani, imewekwa mwaka gani, inazunguka ama imekwama, inalinda nini. Nataka hesabu irudiwe kwa mji wa watu zaidi ya milioni moja kabla ya maji mapya kufunguliwa, na ipimwe kwa siku mbaya: siku bomba limepasuka, siku umeme umekatika, siku mtaa mzima umefungua kwa pamoja. Na kwa kuwa bado tunaishi kwa zamu, nataka watu wa koki wapewe muda wa kufungua polepole, wasikimbizwe na kelele zetu.

Hiyo orodha haitapatikana kompyutani peke yake. Vali nyingi zimefukiwa chini ya lami na kabro, na wanaojua zilipo ni wazee waliostaafu kazi ya maji. Ndio wanaojua ipi huzunguka kulia na ipi kushoto, ipi ukiigusa Makadara inakauka. Wakiondoka bila ya kuulizwa, tutachimba mji mzima kutafuta tulichokuwa nacho.

Wazee wetu mliofanya kazi hiyo, kama mjukuu wako anakusomea hapa, shikamoo. Mwambie akuchukue mkatembee, akuonyeshe barabara, wewe umwonyeshe koki, na ayaandike. Na wewe kijana mwenzangu, leo kabla ya zamu ya maji, panda juu ya paa ukaangalie floti yako ina tundu gani. Ukishaangalia, niambie umekuta nini, na unakaa mtaa gani.